Adabu ya Kuuliza

Husemwa ya kuwa kuuliza si ujinga. Ni kweli, walakini kuuliza ovyo ni ubadhirifu. Mimi hupata riziki yangu kwa kuiuliza kompyuta habari za wateja na maagizo yao. Jedwali moja lina majina ya wateja. La pili lina maagizo, na kila agizo hubeba namba ya mteja wake. Msingi wa mpango huu wa majedwali yenye uhusiano uliwekwa na E. F. Codd mwaka 1970.

Yuko aulizaye kwa kuleta wateja wote, kisha akarudi kwa kila mmoja kuuliza ameagiza nini. Kwa wateja 1,000 hizo ni safari 1,001. Ikiwa kila safari hula sehemu 5 katika 1,000 za sekunde, mngojaji hungoja sekunde 5. Mwingine huomba majedwali yote mawili yaunganishwe kwa namba ya mteja, na jibu huja kwa safari moja. Mwenye mtungi hateki maji kwa kijiko.

Hata safari moja yaweza kuchosha ikiwa maagizo hayana faharasa, maana kompyuta hulazimika kuyapekua yote. Namba 1,000,000 zikipangwa kwa utaratibu, yoyote hupatikana kwa hatua 20 tu za kugawa nusu kwa nusu. Lakini faharasa nayo hudai malipo: kila liandikwapo agizo jipya, hapana budi nayo itengenezwe. Kwa hiyo huwekwa penye haja.

Juu ya hayo, wepesi peke yake si uadilifu. Muungano wa kawaida huleta walioagiza tu. Asiyeagiza hufutika kama kwamba hakuzaliwa. Muungano wa kushoto hubakiza kila mtu wa jedwali lililotajwa kwanza, na kwa asiyeagiza mahali pa agizo huachwa tupu. Mfanyabiashara mmoja alinitaka orodha ya wateja wake, akasema wasionunua ni mzigo. Nilimpa orodha nzima, nikamwambia ya kuwa hao ndio waliobisha hodi wasikaribishwe. Alisoma majina kimya, kisha akaamuru waandikiwe barua.

Swali jema, basi, halimchoshi aulizwaye wala halimsahau ahusikaye. Likikosa sifa ya kwanza hupoteza wakati. Likikosa ya pili hupoteza mtu.