Rosa Amefika Minneapolis

Niliingia duka la vitabu kukimbia baridi tu, sina mpango wa kununua kitu. Kwenye meza ya mbele, ile ya vitabu vipya, nikamwona Rosa. Rosa wetu, wa riwaya ya Kezilahabi! Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971. Ndiyo kwanza mwaka 2025 Yale University Press wakaitoa kwa Kiingereza, tafsiri ya Jay Boss Rubin, na sasa Wamarekani wanauziwa kama mkate wa asubuhi.

Chini yake palibandikwa kikadi kilichoandikwa kwa kalamu ya wino wa kijani. Ndiyo desturi ya maduka ya huku: muuzaji akikipenda kitabu, anaandika sentensi mbili tatu za kwake, anatia jina, anabandika. Huyu aliandika kwamba alikesha nacho, akaja kazini macho mekundu, na kwamba hasira zake kwa Zakaria, baba yake Rosa, hazijaisha. Basi, hakuna cha ziada. Nikasimama pale koti linachuruzika theluji, wivu umenikaba. Mtu asiyejua hata Ukerewe, kwao Rosa, iko upande gani anampigia debe Rosa kuliko walimu wangu wote!

Maana kwetu nani alishawahi kukupendekezea riwaya? Rosa mwenyewe alipigwa marufuku mashuleni, baadaye akarudishwa kwa mlango wa mtihani. Aliyenipa mimi ni dada yangu. Kitabu kilifunikwa gazeti, juu kimeandikwa "Jiografia", na maelekezo yalikuwa mafupi: soma, ila mama asikuone. Mpaka leo ukimtajia dada jina la Deogratias, yule mwanamume aliyempotosha Rosa, anasonya.

Wanawake wengine wote wa riwayani tulimalizana nao kwa swali la mtihani, "nafasi ya mwanamke katika jamii". Mnaikumbuka. Mwanamke kama mlezi, mwanamke kama mtu mwenye msimamo, mwanamke kama chombo cha starehe; hoja tatu kutoka kila riwaya, hitimisho, kusanya karatasi. Sekai wa riwaya ya Takadini tulimjua hivyohivyo. Mama aliyesimangwa kwa ugumba miaka na miaka, akaja kujaliwa mtoto mwenye ualbino, na alipojua mila inataka mtoto afe, akambeba akatoroka naye. Nchi nzima iliyopita kidato cha nne inamjua mwanamke huyu, lakini sijawahi kumsikia mtu kwenye daladala akisema Sekai alimliza. Tulichuma alama kwake, tukamwacha kwenye chumba cha mtihani.

Msije mkadhani huku ni peponi. Huku kila mwanamke wa kwenye riwaya sharti ashinde, tena jalada likutangazie ushindi wenyewe kabla hujafungua. Kikundi chetu cha kusoma hukutana sebuleni kwa mwenzetu mmoja, mezani jibini na mvinyo, mimi na chai yangu. Tulisoma Lessons in Chemistry ya Bonnie Garmus, ya mwaka 2022. Elizabeth Zott ni mkemia hasa, lakini wanaume wa maabara wanamwona wa kuchemsha kahawa; anaishia kwenye kipindi cha mapishi cha televisheni, na humo anawafundisha kina mama wa nyumbani kemia yenyewe. Nilimpenda, sikatai, yeye na penseli yake aliyoichomeka nyweleni. Tukasoma The Girl with the Louding Voice ya Abi Daré, ya 2020: Adunni, binti wa miaka 14, anaozwa kwa dereva teksi mwenye wake wengine wawili, kisha anatumikishwa kwa tajiri huko Lagos, na bado anaililia shule. Sebule nzima ikampigia makofi.

Zamu yangu nikawapelekea Rosa. Lo! Mmoja alilalamika kwamba mwandishi angeweza kumwokoa. Mwingine akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, kama riwaya za kwetu zote huishia msibani. Nikapandisha. Nikamwambia aje nimsimulie Yasmin wa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi: binti wa Kihindi wa Zanzibar, anaozwa kwa Raza anayeweza kumzaa, anamkimbia, ndugu zake wanamfungia mlango, na anayemfungulia ni shoga yake Mwajuma. Kama Kiswahili hana, basi aitazame filamu ya Amil Shivji ya 2021. Au asome The Dragonfly Sea ya Yvonne Adhiambo Owuor, ya 2019, amfuate Ayaana kutoka Pate mpaka China. Mabinti hao hawakuishia msibani.

Halafu nikaanza kueleza kwamba Rosa hakuandikwa ili tumpigie makofi. Kwamba baba anayempiga binti kwa barua ya mvulana na mchumba anayedai bikira ndio wanaopaswa kututoa jasho, na kwamba penye ushindi wa kila mara watu kama hao hupona kirahisi... Mwenye nyumba akaleta keki. Hoja yangu imebaki pale mezani.

Dada ana binti yuko kidato cha nne, Mwanza. Likizo hii nilimuuliza kwa WhatsApp anamwonaje Sekai. "Jasiri, mwenye mapenzi ya dhati, mtetezi wa haki. Ya nne nimeisahau, mama mdogo." Nikamwahidi hela ya bando kwa kila sura ya Takadini atakayonisimulia kama anavyonisimuliaga umbea wa bwenini, na akitaja neno "hoja" nakata. Akajibu nitume kwanza.

Nimetuma. Sura za mwanzo zimekuja kwa sauti, dakika nzima na ushee, na wazee wa kijiji cha Sekai wamechambwa mpaka nikapunguza sauti ya simu kwenye basi.