Moshi Ulinifunza Kumsikiliza Binti Yangu

Mimi ni baba wa watoto wanne, fundi redio tangu kule Uvira. Leo nakiri kosa langu mbele yenu.

Binti yangu wa sekondari alitaka kutengeneza taa ya kuwaka yenyewe giza likiingia, kwa ajili ya njia ya chooni. Bibi yake alishaanguka huko mara mbili. Mama yake aliuza mandazi miezi mitatu, tukanunua bodi ya Arduino. Binti akasema, "Baba, ngoja kwanza niijaribu kwenye kompyuta." Nikamcheka. Fundi gani anatengeneza kitu kwenye picha? Nikachukua betri ya sola ya volti 12, nikaunga kwenye tundu la volti 5. Moshi! Haraka yangu ikala mandazi yote.

Hakunilaumu. Kesho yake alinipeleka kwenye chumba cha kompyuta, akafungua Tinkercad, programu ya bure ya kwenye intaneti. Bodi imo, waya zimo, rezista zimo. Ni picha, lakini zinafuata hesabu za umeme. Akaunga taa ya LED kwenye betri ya volti 9 bila rezista: alama ya mlipuko ikatokea. Akafuta, akaanza upya, hasara hakuna.

Kisha akaweka bodi na rezista ya omu 220. Akanieleza: volti 5, taa nyekundu inachukua kama 2, zinabaki 3, gawa kwa 220, unapata kama miliampea 14. Taa iko salama. Mwisho akaunga sensa ya mwanga na kuandika maagizo. Akapunguza mwanga kwa kusogeza kitufe kwenye skrini, taa ikazima, akaongeza, ikawaka. Kinyume kabisa! Alikuwa amegeuza alama moja tu. Akarekebisha palepale.

Kweli, kompyuta haioni waya uliolegea wala betri iliyochoka. Hapo mikono ya fundi na mita bado vina kazi. Ndiyo sehemu yangu.

Bodi ya pili ilitugharimu miezi mingine minne. Safari hii nilishika mchoro wake, nikaunga waya mmoja mmoja, naye akisoma. Sasa bibi anatoka usiku bila kupapasa.

Wazazi wenzangu, mtoto akiomba kujaribu kwanza, tumpe nafasi. Mimi nilichelewa kwa bodi moja.