Maumivu Haya Si Yale

Akina mama wenzetu mlio na watoto wenye selimundu mnaijua saa ile ya usiku, mtoto anapoamka akilia huku ameshika mguu. Mtampa maji, mtampa panadoli, mtamkanda kwa kitambaa cha moto na kuomba. Kukipambazuka bado analia, nanyi mnamleta kwetu wodini.

Sisi wauguzi tumezoea, na mazoea hayo ndiyo yaliyotuponza. Mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka 7, paja la kushoto likimwuma, homa si kali. Tukatundika dripu, tukampa dawa ya maumivu. Mama yule akasimama kando ya kitanda akasema, "Sista, maumivu haya si yale. Yale nayajua." Tulimjibu kwa upole, lakini kama watu wanaojua zaidi yake. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa mzima, tukatulia. Siku ya sita paja lilivimba likang'aa. Daktari wa upasuaji alipolipasua ulitoka usaha, na maabara ikaotesha salmonela, jamaa ya vijidudu vya homa ya matumbo.

Mtoto alipona, ila mguu umebaki mfupi. Wengi wetu wa zamu ile ndio tunaopita wodini Jumapili na kikundi cha kanisa kuwaombea wagonjwa. Mama yule alipotunyoshea mikono tuombe naye, maneno yalitupungukia.

Ugumu wenyewe ni huu. Katika selimundu, damu huziba mishipa midogo, sehemu ya mfupa hukosa chakula, ikafa na kuvimba. Bakteria wakiingia kwenye mfupa, nao huleta maumivu, uvimbe na homa. Na eksirei huchukua siku 10 hata 14 kabla ya kuonyesha mfupa ulioharibika. Ipo mashine ya PET, ambayo mgonjwa hudungwa sukari iliyotiwa mionzi kidogo, na mashine ikaona inakokusanyika. Lakini sukari hiyo huliwa na kila mwenye njaa: saratani, mahali penye vijidudu, hata uvimbe usio na kijidudu hata kimoja. Kwa mtoto wetu yule huenda ingewaka vilevile, tukabaki na swali letu.

Ndiyo maana tulipopata habari za sorbitoli tulizisoma mara mbili. Sorbitoli ni ule utamu unaotiwa kwenye chingamu zisizo na sukari. Chembe za mwili wetu haziijali sana, ila bakteria wa jamii ya E. koli, klebsiela na salmonela huila. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, huko Baltimore, Marekani, waliitia florini-18, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila dakika 110. Katika kazi waliyoitangaza mwaka 2014, panya walidungwa E. koli hai katika paja moja, na E. koli waliouawa kwa joto katika paja la pili. Mapaja yote mawili yalivimba. Sukari ya kawaida iliwaka kote kuwili. Sorbitoli iliwaka palipokuwa na vijidudu hai tu.

Mwaka 2021 walitoa matokeo ya wagonjwa 26. Picha zilionyesha vijidudu vilipo na kuvitenga na saratani, na zilipopigwa tena baada ya dawa zilionyesha kama dawa inafanya kazi. Hakuna kisu wala sindano ya kuchimba mfupa, ila ile ya kudungia sorbitoli.

Tusidanganyane, hata hivyo. Stafilokoki, ambaye huharibu mifupa ya watoto wengi, haili sorbitoli, kwa hiyo picha yenye giza haimaanishi hakuna ugonjwa. Tena hakijawa kipimo cha kila siku, na mashine ya PET ni ghali. Nairobi ipo, lakini mama wa kijijini atafikaje? Kinachotutia moyo ni kwamba sorbitoli hiyo hupikwa kutokana na sukari ileile wanayoandaliwa wagonjwa wa saratani, kwa kuongeza hatua moja, kama chapati na maandazi yanavyotoka katika unga mmoja. Palipo na moja, ya pili inawezekana.

Siku hizi tuna desturi ndogo wodini. Juzi aliingia mama mwingine na binti wa miaka 5, mkono ukimwuma. Kabla ya kugusa dripu tulimwuliza, "Mama, ni yale ya siku zote, au si yale?" Akamtazama mtoto muda mrefu. "Ni yale," akasema. Tukayaandika maneno yake kwenye faili jinsi alivyoyasema, na damu ya kuotesha tukaitoa vilevile.