Jiwe la Eyam

Huko Derbyshire, Uingereza, vipo vijiji viwili jirani: Eyam na Stoney Middleton. Mwaka 1665 tauni iliingia Eyam, yasemekana kwa kitambaa kilichotoka London. Mwaka uliofuata kasisi William Mompesson akawasihi wanakijiji wasitoke, wasije wakawaambukiza majirani. Wakakubali! Mpakani lipo jiwe lenye matundu. Humo walitia pesa ndani ya siki, wakaachiwa chakula. Walikufa watu wapatao 260, akiwemo Catherine, mkewe kasisi. Lakini watoto wake mwenyewe alikuwa ameshawapeleka mbali. Hapo, jamani, mimi siwezi kumsifu hivi hivi tu. Jiwe lingali pale, kando ya njia ya miguu inayokata malishoni. Nikifika, nitatia kidole tunduni kwanza, maswali baadaye.