Moshi kwa Ajili ya Vidole Vitatu na Nusu

Basi lilitutoa Tanga alfajiri kwenda Moshi, na mpaka Segera nilikuwa nakung'uta mkono wa kulia ganzi iachie. Fundi cherehani asiyeweza kutunga uzi kwenye sindano ana kazi gani? Nyumbani waliamua ni baridi yabisi, wakanichua mafuta ya karafuu hadi wateja wakauliza harufu inatoka wapi. Baada ya Korogwe niliusahau mkono: mkonge safu kwa safu, kisha milima ya Upare ikatusindikiza upande wa kulia. Kilimanjaro uligoma kutoka mawinguni. Jirani yangu wa kiti, mama wa Kichaga, alicheka: “Subiri asubuhi, mwanangu.”

Asubuhi ulikuwa wazi, na theluji yake. Niliukodolea macho nusura nipitwe na foleni ya hospitali.

Nilitegemea mashine kubwa. Daktari akauliza tu: kidole cha mwisho nacho hufa ganzi? Nikawaza. Hakijawahi! Akagonga kwa ncha ya kidole katikati ya kifundo cha mkono, shoti ikaruka hadi kidole cha kati. Kisha akanikunjisha vifundo, migongo ya viganja ikutane, nitulie dakika moja. Haikuisha, ganzi ikaja.

Kumbe vidole vimesingiziwa. Kifundoni mna njia nyembamba, chini mifupa, juu utepe mgumu. Humo hupita kano 9 za kukunjia vidole na neva moja ya gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Cha mwisho kina neva yake, inapita nje. Hapo nikaelewa kifundi: upindo wa kaptula uliojazwa lastiki kupita kiasi. Kano zikivimba, neva hubanwa. Ukilala umekunja mkono, zaidi. Mimba, kisukari na tezi ya shingo iliyolegea huchangia. Sukari yangu ilikuwa sawa.

Nilikuja na hela za upasuaji nimezifunga kwenye pindo la kanga. Nikapewa gango la kitambaa lenye bati ndani, la kuvaa usiku kifundo kinyooke. Nilijiona nimepunjwa. Likishindwa, kuna sindano ya steroidi. Nyama ya chini ya gumba ikianza kusinyaa, nisingoje, utepe ukatwe, kwa ganzi ya mkono tu, na nirudi kulala kwangu siku hiyohiyo.

Gesti nililala nalo hadi jogoo. Ila mshono wake ulikuwa wa hovyo. Nilipofika nyumbani niliufumua, nikaushona upya kwa uzi wa jinzi.