Mgongo, Njia Kuu na Kiwewe

Kiswahili hakikutenga mfupa na kilichomo ndani yake. Asemapo mtu "uti wa mgongo", huenda ana maana ya zile pingili zihesabikazo kwa kidole, au huenda ana maana ya ule ugwe wa fahamu upitao katikati yake, uchukuao amri za ubongo kushuka na habari za mwili kupanda. Mfupa ukivunjika, huunga. Ugwe ukikatika, hajapatikana bado tabibu wa kuuunga. Basi majirani wakiambiwa kwamba fulani kavunjika uti wa mgongo, hungoja miezi sita waone akisimama, asiposimama, hunong'ona. Ndani ya mnong'ono huo hujificha jeraha la pili, lisiloonekana kwa picha ya eksirei.

Igawa ni mahali pa kulitazama jeraha hilo. Mji huu mdogo wa Wilaya ya Mbarali umekaa juu ya barabara kuu iendayo Zambia, iliyojengwa kati ya mwaka 1968 na 1973, pale inapoukuta Mto Mbarali. Upande mmoja njia huelekea Makambako, iliyokuwa ya Mkoa wa Iringa hadi Njombe ilipofanywa mkoa mwaka 2012; upande wa pili hushika Chimala, Uyole na Mbeya. Malori ya mafuta kwenda Zambia na Kongo, na ya shaba yakirudi bandarini, hupita usiku na mchana. Katika miji ya namna hii barabara ndiyo soko, ndiyo kituo, ndiyo riziki ya kijana aliyekosa shamba la mpunga. Ikimvunja, humrudisha kuishi kando yake.

Msomaji wa visiwani hana haja ya kwenda mbali ili kuyaelewa haya, kwani anawajua wakwezi wa minazi na wachumaji wa karafuu walioteleza mara moja tu. Utafiti nao unakubaliana naye. Haleluya Moshi na wenzake, waliozipitia kumbukumbu za hospitali ya KCMC mjini Moshi za miaka ya 2010 hadi 2014, walikadiria katika makala yao ya mwaka 2017 kwamba Mkoa wa Kilimanjaro hupata majeruhi wapya wa ugwe zaidi ya 26 kwa kila watu milioni kwa mwaka. Kuanguka kuliongoza, ajali za barabarani zikafuata. Zamani hesabu ya namna hii ingalikuwa hesabu ya makaburi. Kabla Ludwig Guttmann hajafungua wodi yake huko Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, wengi waliovunjika hivyo walikufa baada ya muda mfupi kwa vidonda vya kulalia na maradhi ya njia ya mkojo. Sasa wengi wanaishi. Na aishiye hukumbuka.

Ugonjwa wa kukumbuka kupita kiasi uliingizwa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, miaka mitano baada ya vita vya Vietnam kwisha. Kwa Kiswahili waweza kuitwa mfadhaiko wa baada ya kiwewe. Dalili zake zimegawiwa mafungu manne: tukio kurudi kwa jinamizi la usiku na taswira za mchana, kuepuka kila kinachokumbusha, moyo kufa ganzi na dunia kuonekana haina heri, na mwili kukesha, ukishtushwa na kishindo chochote. Zikidumu zaidi ya mwezi na kumvurugia mtu maisha yake, ndipo jina hutolewa. Mtafiti huzigeuza dalili hizo kuwa dodoso, dodoso likatafsiriwa, majibu yakajumlishwa.

Na afikiriwe sasa utingo wa lori lililopinduka, aliyelazwa miezi kadhaa kisha akarudishwa kwa mama yake, hatua thelathini kutoka kwenye lami. Dodoso linamwuliza: je, huepuka mahali panapokukumbusha ajali? Atajibu nini? Hatoki, kwa kuwa kiti cha magurudumu hakipiti mchangani. Na hata angetaka kuepuka, ajali yenyewe humfuata chumbani. Kila lori linapokaribia tuta, breki hulia kama zilivyolia siku ile. Wengine huweza kuikimbia kumbukumbu yao. Yeye amenyang'anywa miguu na jambo lilelile ambalo angelikimbia. Akijibu kwamba haepuki, atahesabiwa mzima. Akijibu kwamba hatoki, atahesabiwa mwenye hofu, ilhali huenda kinachomzuia ni mchanga.

Anaulizwa kama hukosa usingizi. Hukosa, lakini hugeuzwa kila baada ya saa chache asipate vidonda, na maumivu kama ya moto hupita katika miguu isiyohisi kuguswa. Anaulizwa kama moyo humwenda mbio na jasho kumtoka ghafla. Humtoka, ila kwa aliyeumia juu ya pingili ya sita ya kifua, kibofu kilichojaa au mpira wa mkojo uliojikunja huweza kuleta hayo, na hiyo ni hatari ya mwili itakayo msaada wa haraka. Anaulizwa kama hushtukashtuka. Miguu yake hurukaruka kwa mkazo wa misuli, naye huitazama kama ya mtu mwingine. Anaulizwa kama amekufa ganzi, na neno hilo kwake si sitiari.

Hivyo ndivyo hesabu hupotea pande mbili. Maumivu ya mwili huandikwa kuwa kiwewe, na kiwewe chenyewe huandikwa kuwa ulemavu tu, jambo la kuvumiliwa. Si ajabu kwamba makadirio ya mfadhaiko huu miongoni mwa waliovunjika uti hutofautiana sana baina ya utafiti mmoja na mwingine.

Mwili na hofu, hata hivyo, havikuachana. George Hohmann, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mwenyewe alipooza miguu, aliwahoji wanaume 25 waliojeruhiwa ugwe na kuchapisha matokeo mwaka 1966: kadiri jeraha lilivyokuwa juu zaidi, ndivyo walivyoeleza kupungukiwa na hofu na hasira. Wengine waliorudia swali lake baadaye walimpinga. Lakini mwaka 1998 Cynthia Radnitz na wenzake, waliowachunguza askari wa zamani wa Marekani, waliona waliopooza miguu tu wakiwa na mfadhaiko mwingi kuliko waliopooza mikono na miguu. Huenda anayebaki na kifua kinachodunda hubaki pia na ngoma ya hofu. Mtu wa Igawa aliyesalia na mikono yenye nguvu, anayeambiwa na wageni kwamba ana bahati, huenda ndiye wa kuulizwa kwanza.

Kuna utafiti mwingine wa kujifunza kwao, ingawa haukuhusu uti. Baada ya bomu la Nairobi la tarehe 7 Agosti 1998, Frank Njenga na wenzake waliwahoji watu zaidi ya 2,000, na mwaka 2004 wakaandika kwamba asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribia mfadhaiko huu. Miongoni mwa mambo yaliyoambatana nao yalikuwamo kutopona kikamilifu jeraha, shida ya fedha, na kukosa kumweleza rafiki yaliyomo moyoni. Kwa aliyekatika ugwe, la kwanza ni la maisha. La pili huletwa na gari la kukodi kila safari ya hospitali. La tatu peke yake ndilo liwezalo kuondolewa na jirani.

Na limewahi kuondolewa. Katika makambi ya wakimbizi ya Uganda, Frank Neuner na wenzake walijaribu tiba ya masimulizi: mtu huyapanga maisha yake juu ya kamba, maua kwa yaliyo mema na mawe kwa yaliyomwumiza, kisha huyasimulia kwa utaratibu hadi tukio la kutisha lipate mwaka wake na mahali pake. Msikilizaji huandika na kumsomea tena. Jaribio la Imvepi lilichapishwa mwaka 2004. Mwaka 2008 likafuata la Nakivale, ambako washauri walikuwa wakimbizi wenyewe waliofunzwa, si madaktari.

Kwa hiyo tafsiri njema ya dodoso haipimwi kwa kurudishwa Kiingereza na kulingana na asili tu. Hupimwa kitandani: je, aliyelala aweza kuijibu bila kusema uongo? Kila swali la kuepuka lahitaji dada yake: "Hutoki kwa kuogopa, au kwa kukosa njia?" Kila swali la usingizi lahitaji lake: "Kilichokuamsha ni ndoto, maumivu, au kugeuzwa?" Na mwulizaji awe anajua Kisangu au Kibena, ikiwa hiyo ndiyo lugha ambayo mama hutumia anapomgeuza mwanawe usiku.

Barabara ya Igawa hadi Tunduma, kilomita 218, imewekwa katika mpango wa kupanuliwa. Lami itaongezeka na honi zitaongezeka. Nyumbani kwa utingo yule hapatakuwa na mabadiliko, ila pengine mtu mmoja ataingia, atakaa kwenye kigoda, na kumwuliza lori lilikuwa likitoka wapi siku ile, lilibeba nini, na nani alikuwa usukani. Kisha atangoja jibu lote.