INJINI NI ILE ILE, MZIGO JE?

Ukitaka kuanzisha zogo katika darasa letu la Kidato cha Tatu, huna haja ya kutaja mpira. Uliza tu hivi: baina ya kwadi ya michezo na pikipiki ya motokrosi, ipi ina nguvu zaidi? Hapo wavulana watapanda juu ya madawati, na mwalimu wa zamu atakuja mbio akidhani kumeingia nyoka.

Sababu ya kubishana tunayo. Sisi ni watu wa karibu na Diani, na msimu wa watalii ukifika twaziona kwadi zikipita na vumbi lake. Lakini wenzangu, nyingi ya zile za kukodisha si za michezo. Ni za matembezi, hazina klachi ya mkono, na kazi yake ni kumtembeza mgeni polepole. Kwadi ya michezo ni mnyama mwingine. Ina magurudumu manne, naam, lakini pia ina cheni, klachi na gia za mguu kama pikipiki, na hupandwa na mtu mmoja tu.

Kakangu ni fundi wa pikipiki. Jumamosi mimi humsaidia kuosha vipuri kwa mafuta ya taa, na ndiye aliyenifumbua macho. "Mdogo wangu," aliniambia, "hao wanabishana bure. Hawa wawili ni ndugu wa baba mmoja."

Na kweli ni ndugu. Yamaha ilipotoa kwadi yake ya YFZ450, modeli ya mwaka wa 2004, injini yake ilitokana na ile ya pikipiki yao ya motokrosi, YZ450F. Honda nayo ilitoa TRX450R iliyofuata pikipiki yao ya CRF450R, na mwaka wa 2006 Suzuki ikaja na LT-R450. Zote ni injini za pistoni moja, zenye ukubwa wa cc 450 hivi. Kumbe basi ubishi ungekwisha hapo, tuseme nguvu ni sawa sawa, twende zetu nyumbani!

La hasha. Kwadi ya aina hiyo ikitoka kiwandani hutoa nguvu za farasi kama 40, ilhali pikipiki hufikia kama 50. Kwa nini ndugu hawa wasilingane? Kaka alinieleza kuwa pikipiki hupata nguvu zake injini inapozunguka kwa kasi sana, ikilia kama nyuki. Kwadi huzitaka nguvu hizo mapema, injini ikiwa bado inazunguka taratibu, kwa sababu ina mwili mzito wa kung'oa kutoka pale iliposimama. Kwa hiyo wahandisi huirekebisha: jinsi inavyovuta hewa, jinsi inavyotoa moshi, na gia zake. Injini hufundishwa kubeba.

Sasa tupige hesabu, maana mwalimu wetu wa Fizikia hupenda kusema kwamba maneno bila hesabu ni upepo. Pikipiki ya motokrosi ina uzito wa kama kilo 110. Tumpandishe mtu wa kilo 60, zawa kilo 170. Gawa kwa 50: kila farasi avuta kilo 3.4. Kwadi ina kama kilo 160. Mpandishe mtu yule yule, zawa kilo 220. Gawa kwa 40: kila farasi avuta kilo 5.5. Tena magurudumu mawili ya nyuma ya kwadi yameshikwa na ekseli moja isiyo na difu. Ikikata kona, gurudumu moja lazima liburuzwe, na kuburuzwa huko hula nguvu. Ndiyo maana pikipiki huiacha kwadi ikila vumbi.

Je, kwadi ni bure? Hapana. Mchangani matairi yake mapana yenye upepo kidogo hayazami upesi, na ikisimama hujishikilia yenyewe. Umbo lina maana kubwa kama injini. Kabla ya kwadi kuenea, kulikuwa na mashine za namna hiyo zenye magurudumu matatu. Zilipinduka na kuumiza watu wengi hata mwaka wa 1988 makampuni yakakubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuziuza huko. Injini zake hazikuwa na neno. Ubaya ulikuwa katika kile kilichobebwa na namna kilivyobebwa.

Hapa ndipo ninapotaka tuache kwadi za wageni tuangalie barabara yetu wenyewe. Sisi ni wanafunzi wa kutwa. Asubuhi wengi wetu huja kwa bodaboda, tena kwa mtindo wa mshikaki: dereva mbele, wanafunzi watatu nyuma, mabegi yananing'inia. Ukipanda peke yako ni shilingi 70. Mkiwa watatu, kila mmoja hutoa 30. Nani asiyejua ni kwa nini twapanda hivyo?

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tulioketi nyuma hatuuoni uzito, lakini pikipiki inaujua. Bodaboda ya cc 150 hutoa nguvu za farasi kama 12, na ina uzito wa kama kilo 120. Weka dereva wa kilo 70 na mwanafunzi mmoja wa kilo 50, zawa kilo 240, yaani kilo 20 kwa kila farasi. Weka wanafunzi watatu, zawa kilo 340, zaidi ya kilo 28 kwa kila farasi. Injini italia lakini itapanda mlima. Kuteremka ndiko kwenye kilio. Kwa mwendo ule ule, breki zina kazi ya karibu asilimia 42 zaidi, na hakuna aliyeziongezea kitu. Uzito nao umerundikana nyuma, gurudumu la mbele limekuwa jepesi, usukani hausikii. Twaitaka pikipiki ibebe kama gari la magurudumu manne huku ina mawili.

Muhula uliopita mdogo wetu wa Kidato cha Kwanza, aliyekuwa ameketi wa mwisho, alianguka pale mteremkoni. Mguu ulivunjika mahali pawili. Hadi leo anakuja na magongo, na Hisabati za wiki saba zimempita. Sheria ya trafiki yamruhusu mwendeshaji abebe abiria mmoja tu, na sasa nadhani mwaona hesabu iliyo nyuma ya sheria hiyo.

Sitawaambia mtembee kilomita sita gizani, hasa sisi wasichana. Nina shauri jingine. Wanafunzi wanaotoka upande wa njia panda tunatosha kujaza matatu ya viti 14. Shilingi 30 mara 14 ni 420, nauli ile ile tunayotoa kwenye mshikaki. Nimemuuliza dereva mmoja wa hapo kwetu, naye amesema shilingi 400 kwa asubuhi zamtosha, mradi tuwe tayari saa kumi na mbili kamili na tusimfanye angoje.

Wazazi wanakutana na walimu mwezi ujao. Karatasi ya majina iko kwa katibu wa Chama cha Kiswahili, na hadi ninapoandika haya ina majina tisa. Bado watano.